Simu Iliyokufa Bado Ina Jasho la Ndugu Zetu



Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie na Lubumbashi kuna sanduku au droo isiyofunguliwa mara kwa mara. Ndani yake mna simu mbili tatu zilizokufa, chaja zilizokatika nyaya, redio isiyosema tena, na betri zilizovimba. Siku ya usafi ikifika, vitu hivyo hutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi, ama huchomwa moto nyuma ya nyumba, na hakuna anayeona kwamba ametenda neno baya. Mimi nasema jambo hili latuhusu sisi Wakatoliki wa Kongo kuliko waamini wa nchi nyingine nyingi. Kile tunachokiita takataka kilitoka katika ardhi kama hii tunayoikanyaga, kwa mikono ya watu kama ndugu zetu. Kwa hiyo kukitunza kidumu, na kukishughulikia vema kinapokufa, ni deni la haki kabla ya kuwa suala la usafi.

Kilichomo mkononi mwako

Fungua simu, uone. Betri yake mara nyingi ina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Shaba ya nyaya zake ni ndugu wa shaba iliyojenga Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Bati linaloshikamanisha vipande vyake vidogo huchimbwa pia kwetu, kule Walikale. Kuna tantali, ambayo hutumika katika vipande vidogo mno vinavyotunza umeme ndani ya simu. Hiyo hutolewa katika koltani, na koltani ya Rubaya, huko Masisi, imejulikana ulimwenguni kote pamoja na vita vyake. Hakuna awezaye kuapa kwamba simu yake yeye ina kobalti ya Kolwezi, kwa maana madini ya nchi nyingi huchanganywa viwandani. Lakini hakuna awezaye kuapa kwamba haina.

Nyuma ya kila chembe ya madini hayo yupo mtu. Yupo kijana wa umri wenu anayeshuka shimoni kwa kamba, tochi kichwani, akijua kwamba udongo wa juu haukutegemezwa na chochote. Wapo wamama wanaosimama majini tangu asubuhi wakiosha mawe. Zipo familia zilizokimbia vijiji vyao kwa sababu chini ya mashamba yao kulionekana kitu ambacho wenye bunduki walikitaka. Alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, Papa Fransisko aliwaambia walimwengu waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, wasiifanye kuwa mgodi wa kunyonywa. Tulimpigia makofi, na tulifanya vema. Lakini mtu akishapiga makofi hurudi nyumbani, na nyumbani ndiko iliko ile droo.

Tukumbuke yaliyotokea kando ya ziwa la Galilaya, watu elfu tano waliposhiba mikate mitano na samaki wawili. Yohane anatusimulia kwamba baada ya shibe ile Yesu hakuwaruhusu wanafunzi kuondoka hivihivi, bali aliwaagiza wakusanye vipande vilivyobaki, na vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate apendavyo ndiye aliyekataa makombo yapotee. Kama Bwana alihesabu vipande vya mkate uliopatikana bure, sisi tutajibu nini juu ya vipande vilivyopatikana kwa jasho, na wakati mwingine kwa damu?

Mahali takataka zinapokwenda

Dunia nzima imeshikwa na ugonjwa huu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 peke yake watu walitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na vya elektroniki, na kwamba chini ya robo yake, yaani asilimia 22.3, ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliuita mwenendo huu utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba huanza kwa vitu na huishia kwa watu: mzee, maskini na mtoto asiyezaliwa nao huonekana kuwa mabaki.

Mataifa ya Afrika yaliliona hilo mapema. Mwaka 1991 yalipatana huko Bamako kuzuia taka za hatari zisiingizwe barani mwetu. Mapatano mengine ya dunia nzima, yale ya Basel ya mwaka 1989, yamekazwa zaidi, hata tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki hazipaswi kuvushwa mpaka pasipo ruhusa ya nchi inayozipokea. Hata hivyo zipo njia za kuzunguka. Kompyuta iliyokufa huandikwa kwenye karatasi kuwa ni kifaa kilichotumika, kisha husafiri pamoja na nzima. Mnunuzi hulipa, huifikisha nyumbani, na baada ya miezi michache taka ya mtu wa mbali imekuwa taka yake.

Hapa namkumbuka kijana mmoja wa kwetu. Siku ya tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Stade des Martyrs, Papa aliwaomba vijana wafungue viganja vyao na kuhesabu vidole, kila kidole kikiwakumbusha jambo moja: sala, umoja na wengine, uaminifu, msamaha, na utumishi. Alipofika kwenye uaminifu alimtaja Floribert Bwana Chui. Kijana huyo, mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa mkaguzi wa bidhaa katika ofisi ya Serikali huko Goma. Aliletewa hongo ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu, akakataa. Waliomteka walimuua mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri. Yeye alikagua chakula, hakukagua televisheni. Lakini swali alilojiuliza mpakani ndilo swali letu: kitu hiki kikipita mikononi mwangu, kitamdhuru nani mbele ya safari?

Hoja mbili zinazostahili jibu

Kuna watakaosema: sisi tu maskini, wanaotupa ni matajiri; wakaambiwe wao. Ni kweli kwamba mkazi wa Ulaya au Marekani hutupa vifaa vingi mno kuliko mkazi wa Kadutu au Katuba. Ni kweli pia kwamba fundi wa simu wa Birere, mwenye meza yake ndogo na kikuza macho, anajua kurejesha uhai wa kitu ambacho huko ng'ambo kingetupwa bila kutazamwa mara mbili. Katika hilo tuna jambo la kuwafundisha wengine. Lakini moshi wa waya uliochomwa hauulizi mwenye nyumba ana kipato gani. Plastiki inayofunika nyaya ikiungua kwa moto mdogo hutoa sumu kali iitwayo dioksini. Betri nzito za gari na za sola zina risasi na tindikali. Anayeiyeyusha risasi hiyo uani kwake huwavutisha watoto wake mvuke na vumbi linaloharibu ubongo, na ubongo wa mtoto ukishadhurika namna hiyo ni vigumu kurudi ulivyokuwa. Matajiri wana lawama yao, nasi tuna watoto wetu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huletwa na vijana wa Kolwezi wenyewe. Wanasema: simu zikidumu miaka mingi, madini yatahitajiwa machache, je, ndugu zetu wachimbaji watakula nini? Tuijibu kwa heshima, kwa kuwa nyuma yake kuna sufuria jikoni. Kwanza, kuchimba zaidi hakukuleta kupata zaidi. Mwezi wa Februari 2025 Serikali yetu yenyewe ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu ilikuwa imefurika sokoni na bei yake imeanguka. Kuanzia Oktoba ya mwaka huohuo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Pili, madini hayaoti tena kama muhogo. Kinachotolewa leo kwa bei ya kutupa, wajukuu hawatakitoa kesho kwa bei nzuri. Tatu, simu inayodumu huzalisha kazi mahali tunapoishi. Simu mpya hulipa kiwanda cha mbali mara moja; simu inayotengenezwa humlisha fundi wa hapa leo kwa kioo, mwaka kesho kwa betri, na mwaka unaofuata kwa tundu la chaja. Mchimbaji ana haki ya mshahara wa kweli na shimo lisilomwua, na hilo tulidai kwa sauti. Lakini hatumsaidii kwa kuharibu haraka alichokitoa kwa shida.

Kudumisha tulichonacho

Sehemu kubwa ya madhara ya simu hutokea kabla hujaitoa katika boksi lake: migodini, viwandani na safarini. Ndiyo maana kila mwaka unaoongezwa katika maisha yake una thamani kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga, na nyufa za vifaa vyetu ni ndogo, zazibika.

Betri ya simu huchoshwa na joto. Usiichaji chini ya mto wala uiache juani. Huchoshwa pia ikikaa muda mrefu ikiwa imeisha kabisa au imejaa kabisa. Kwa hiyo kuichaji inapofika asilimia 20 na kuichomoa karibu na 80 hurefusha maisha yake, pale umeme unaporuhusu. Betri ikizeeka, badili betri, usibadili simu. Ikivimba, usiitoboe wala usiendelee kuitumia, kwa maana yaweza kulipuka moto. Simu ikiingia maji, izime mara moja, usiijaribu kuiwasha wala kuichaji. Mpelekee fundi aifungue na kuikausha. Ikiwa nzito, mara nyingi imejazwa picha, video na programu zisizotumika: futa kwanza kabla ya kulaumu umri wake.

Kuhusu televisheni, friji na kompyuta, adui mkubwa ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, na ungoje dakika chache baada ya kurudi. Familia nne au tano za shirika moja zinaweza kushauriana juu ya kifaa cha kusawazisha umeme kilicho imara, kabla kila moja haijapoteza friji yake. Betri za sola nazo hufa upesi zikimalizwa chaji kabisa kila usiku. Taa mbili zikizimwa mapema huiongezea betri miaka.

Jambo jingine ni la moyo. Wengi wetu hatubadili simu kwa kuwa imekufa, bali kwa kuwa ya jirani ni mpya. Kijana hujinyima chakula, au hukopa, au hufanya mabaya zaidi, ili asionekane na simu yenye kioo kilichopasuka. Katika vikundi vyetu tuseme waziwazi kwamba hakuna aibu katika kifaa kilichotengenezwa. Yesu mwenyewe alikulia katika karakana ya fundi wa Nazareti.

Kinapokufa kabisa

Kila kifaa kina siku yake. Kijana wa Bukavu au wa Kalemie akiuliza apeleke wapi betri iliyokufa, hapati jibu rahisi. Lakini kutokuwa na jibu kamili hakutupi ruhusa ya kufanya lililo baya kabisa. Kuna mambo manne tusiyoyafanya kamwe: tusichome, tusitupe katika choo cha shimo, tusifukie shambani, tusitupe ziwani. Yanayotupwa katika Ziwa Kivu hayapotei. Taka zake huchukuliwa na maji hadi Ruzizi, na mara nyingi zimeziba mitambo ya bwawa lile, hata miji ikakosa umeme. Na Ruzizi huendelea na safari yake hadi Tanganyika. Sumu ya betri nayo hufuata njia hiyohiyo ya maji, ila yenyewe haionekani kwa macho.

Badala yake, napendekeza kila parokia iwe na pipa moja lenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na darasa la watoto na mbali na jiko. Vijana wa Xaveri, Kiro, skauti na waimbaji wagawane ulinzi wake. Siku ya salongo, au katika Kipindi cha Uumbaji kati ya tarehe 1 Septemba na 4 Oktoba, wapite katika mashirika na kukusanya vilivyolala katika droo. Vitu vitengwe makundi matatu. Kundi la kwanza ni vinavyoweza kupona: hivyo waitwe mafundi wa parokia wavitazame, na vikipona vipewe shule au zahanati. Kundi la pili ni vilivyokufa lakini vina viungo vizima, kama kioo, spika na kamera: hivyo fundi huvihitaji kuokoa simu nyingine. Kundi la tatu ni betri, taa za mirija zenye zebaki na televisheni za kale zenye kioo kizito, ambacho kina risasi ndani yake: hivyo visivunjwe na mtu yeyote. Betri ndogo zifungwe ncha zake kwa utepe, ziwekwe katika chombo chenye mchanga mkavu, zingoje.

Kabla ya kutoa simu, mwenyewe aondoe kadi yake na kufuta picha na majina, kwa kuwa siri za watu nazo ni amana. Kila kinachopokelewa kiandikwe: tarehe, aina, hali, kilikokwenda. Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo litatufaa tutakapokwenda kuzungumza na wakubwa, kwa sababu mtu hawezi kupuuza kwa urahisi kijana anayemwonyesha hesabu ya betri 300 zilizokusanywa katika mtaa wake, akimwuliza azipeleke wapi.

Tunachopaswa kudai

Maana kuzungumza na wakubwa ni lazima. Pipa la parokia ni mwanzo, haliwezi kuwa mwisho. Tuiombe miji yetu itenge mahali salama pa kupokea taka hizi. Tuwaombe wauzaji wapokee tena betri na vifaa vilivyokufa walivyouza. Tuiombe Serikali isimamie mipaka kwa moyo wa Mwenyeheri Floribert, ili kilichokufa kisipite kwa jina la kilicho hai. Na tuwaambie watengenezaji kwamba tunajua linalowezekana. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni katika Umoja wa Ulaya zinapaswa kuwa na vipuri vinavyopatikana kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na programu zake kuendelea kuhuishwa kwa angalau miaka 5. Kama mtu wa Brussels ana haki ya kupata betri halisi ya simu yake, kwa nini asiwe nayo mtu wa Kolwezi, ambaye huenda kobalti yake imo ndani ya betri hiyo?

Tudai pia kwamba urejelezaji wa kweli ufanyike siku moja hapa kwetu. Tani moja ya simu kuukuu huwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida wa dhahabu. Vijana wanaosoma kemia na umeme katika vyuo vyetu wanaweza kuwa wachimbaji wa aina mpya, wasioshuka shimoni na wasiofukuza mtu kijijini kwake. Lakini kazi hiyo ina tindikali na sumu. Inahitaji karakana, mavazi ya kujikinga na elimu. Asiwepo kijana anayeijaribu kwa beseni na kiberiti.

Ndugu vijana, katika mkutano wenu ujao msianze na hotuba. Kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja kilichokufa, akiweke juu ya meza, na kikundi kijiulize mambo matatu: kimetoka wapi, nani anaweza kukifufua, na kisipofufuka kitangoja wapi kwa usalama. Kisha mwombeeni, hata bila kulijua jina lake, aliyechimba kilichomo ndani yake. Baada ya sala hiyo, andikeni ukurasa wa kwanza wa daftari.